Mistari Yatima: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Funguo za Kigeni katika Kanzidata

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kugawa taarifa za shughuli moja katika majedwali kadhaa badala ya kuzirundika katika jedwali moja pana, na tukagusa kwa aya moja tu jinsi majedwali hayo yanavyounganishwa. Aya hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote. Tumechagua nne, kwa kuwa zinazobaki zinauliza yale yale kwa maneno mengine.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, ufunguo msingi ni safu (ya jedwali, si safu hii unayoisoma) ambayo thamani yake hutambulisha kila mstari bila kujirudia, kama ilivyo namba ya uanachama. Ufunguo wa kigeni ni safu katika jedwali jingine inayobeba thamani hiyo hiyo ili ijulikane mstari huu unamhusu nani. Sharti la ufunguo wa kigeni ni agizo tunaloipa kanzidata yenyewe, ikatae thamani yoyote isiyopatikana katika jedwali inakotoka. Jedwali linaloelekezwa tutaliita la mzazi, na linaloelekeza tutaliita la mtoto.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu msaidizi wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, na ndiye niliyetengeneza kanzidata yetu kwa MySQL, mfumo wa kuendeshea kanzidata. Nina jedwali la wakulima na jedwali la mapokezi, ambamo karani wa mizani huandika namba ya mkulima, kilo na tarehe. Tulipofunga msimu, jumla ya kilo zote katika mapokezi ilikuwa 38,412, lakini taarifa ya malipo, inayoorodhesha kila mkulima na kilo zake, ilitoa 37,655. Ghala halina upungufu, na vitabu vya stakabadhi vinakubaliana na ile jumla kubwa. Kijana aliyetuandikia programu anasema programu yake hukagua namba ya mkulima kabla ya kuhifadhi, hivyo haiwezekani namba isiyokuwepo ikaingia. Nani mkweli kati yetu, na nifanye nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Wewe ni mkweli na kijana naye ni mkweli, ila kila mmoja wenu anazungumzia sehemu yake.

Kilo 757 zilizokosekana zimo katika mapokezi, lakini inaelekea zimeandikwa kwa namba ambazo jedwali la wakulima halizijui. Taarifa yako ya malipo huunganisha majedwali mawili kwa JOIN ya kawaida, nayo JOIN ya kawaida hutoa mistari yenye mwenza pande zote mbili tu. Mstari wa mapokezi usio na mkulima haufutwi wala hautoi onyo. Unaachwa nje ya taarifa kimyakimya. Ndiyo maana mistari ya namna hii naiita yatima, na ndiyo maana hugunduliwa siku ya malipo, mzee mmoja anapofika na stakabadhi mkononi na kukuta jina lake lina kilo pungufu. Utaipata yote kwa amri hii:

SELECT m.*
FROM mapokezi m
LEFT JOIN wakulima w ON w.namba = m.namba_mkulima
WHERE w.namba IS NULL;

Sasa imeingiaje, ikiwa programu inakagua? Programu hukagua kwanza, kisha huhifadhi, na kati ya matendo hayo mawili ipo nafasi, hata kama ni ya sehemu ndogo ya sekunde. Tuseme karani yupo mizanini akiandika kilo za mwanachama namba 318, na wakati huo huo wewe uko ofisini umegundua kwamba mkulima huyo amesajiliwa mara mbili, kwa namba 318 na 902, ukaamua kuifuta ile ya kwanza. Programu ya karani inauliza kama 318 yupo, inajibiwa kwamba yupo. Programu yako inauliza kama 318 ana mapokezi yoyote, inajibiwa kwamba hana, kwa sababu mstari wa karani bado haujakamilika. Kisha kila moja inafanya ilichoruhusiwa kufanya. Hakuna iliyodanganywa, na mkulima 318 hayupo tena ilhali kahawa yake ipo.

Hata hivyo sidhani kama ajali hiyo ya sekunde ndiyo iliyoleta kilo zote 757. Nashuku zaidi njia za pembeni: faili la Excel la kituo kidogo cha kupokelea, lililopakiwa moja kwa moja siku umeme ulipokatika, amri ya UPDATE (ya kubadilisha mistari iliyopo) uliyoiandika kwa mkono usiku ukiwa na haraka, au jedwali la wakulima lililorejeshwa peke yake kutoka nakala ya zamani. Programu ya kijana wako ina mlango mmoja na inaulinda vizuri, lakini kanzidata ina milango mingi. Sharti la ufunguo wa kigeni hukaa ndani ya kanzidata, kwa hiyo kila aingiaye hukutana nalo, isipokuwa kwa njia moja nitakayoitaja chini.

Jinsi linavyofanya kazi ni jambo la kuvutia kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu si ukaguzi wa kutazama tu. Karani anapohifadhi mstari wa 318, kanzidata humtafuta mzazi 318 na kumwekea kufuli jepesi, linaloruhusu wengine kumsoma lakini si kumfuta, na kufuli hilo halifunguliwi mpaka muamala wa karani, yaani kundi la amri zinazokamilika au kutenguliwa kwa pamoja, ukamilike. Amri yako ya kufuta inalazimika kusubiri. Muamala wa karani ukishakamilika, amri yako inaendelea, inaukuta mstari wa mtoto, na inakataliwa. Ukitangulia wewe, karani ndiye atakayesubiri na ndiye atakayekataliwa, tena mkulima akiwa bado amesimama mbele yake na magunia yake, wakati ambapo kosa linaweza kusahihishwa kwa kuulizana. Ukaguzi wa kijana wako ungeweza kuigiza haya kama angeweka kufuli hizo mwenyewe katika kila mahali panapohusika, lakini sijaona programu ya ofisi ambamo mwandishi hakusahau hata mahali pamoja.

Wazo lenyewe si geni. E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika IBM huko San Jose, California, alilitumia jina hili la ufunguo wa kigeni katika makala yake ya Juni 1970 iliyoanzisha nadharia ya majedwali yanayohusiana. Kiwango cha SQL, lugha ya kuziamrisha kanzidata, kililiingiza sharti hilo mwaka 1989, na toleo la mwaka 1992 likaongeza maelekezo ya nini kifanyike mzazi anapofutwa au kubadilishwa. Wanaosema ni pambo la kisasa wanakosea kwa miongo kadhaa.

Kabla ya kuweka sharti itakubidi uwapatie yatima wazazi wao, kwa sababu MySQL haitakubali kuliweka katika jedwali ambalo tayari linalivunja. Kazi hiyo usiifanye mbele ya kompyuta peke yake. Chukua vitabu vya stakabadhi. Mistari mingine itakuwa ya wanachama waliounganishwa, na hiyo utaihamishia namba iliyobaki. Mingine itakuwa ya tarakimu zilizogeuzwa, na stakabadhi itakuonyesha jina. Itabaki michache isiyojulikana kabisa. Watu watakushauri ubuni mkulima wa uongo, namba 0, umbebeshe kilo hizo ili sharti likubali. Mimi sipendi njia hiyo, kwa kuwa mkulima wa uongo huzoeleka haraka, na msimu ujao karani ataanza kumtumia kila anapokuwa na haraka. Afadhali mistari hiyo uihamishie jedwali lake, uliite mapokezi_ya_uchunguzi, na taarifa ya malipo iionyeshe kama kilo ambazo mwenyewe hajajulikana, ili jumla ikubaliane na ghala na kamati ya usimamizi ione deni lilipo.

Baada ya hapo:

ALTER TABLE mapokezi
MODIFY namba_mkulima INT NOT NULL,
ADD CONSTRAINT fk_mapokezi_mkulima
FOREIGN KEY (namba_mkulima) REFERENCES wakulima (namba)
ON DELETE RESTRICT;

Maneno NOT NULL hayo si mapambo. Sharti la ufunguo wa kigeni halikagui mstari ambao safu yake ni tupu, kwa hiyo ukiiruhusu safu kubaki tupu, karani anaweza kuacha namba na kahawa ikaingia bila mwenyewe, na sharti lisiseme neno. Aina ya safu nayo lazima ilingane pande zote mbili: ikiwa namba katika wakulima ni INT UNSIGNED na huku umeandika INT, MySQL itakataa kuliweka sharti, na kwa safu za maandishi hata mpangilio wa herufi lazima uwe mmoja.

Hapa ndipo watumiaji wa MySQL wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine, kwa sababu mfumo huu umewahi kuwa na tabia ya kuitikia bila kutenda. Majedwali ya aina ya MyISAM, ambayo ndiyo yaliyokuwa ya kawaida hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010 lilipoifanya InnoDB, aina inayoyatekeleza masharti haya, kuwa chaguo la kawaida, huisoma amri ya FOREIGN KEY, hukujibu kwamba kila kitu ni sawa, na huitupa. Vivyo hivyo, katika matoleo ya kabla ya 9.0, ukiandika REFERENCES pembeni mwa safu wakati wa kuitangaza, bila kuandika FOREIGN KEY kwenye mstari wake, sharti halitawekwa na hutaambiwa. Baada ya kutoa amri, tumia SHOW CREATE TABLE mapokezi uone kama sharti limo kweli, kisha jaribu kuingiza mstari wa mkulima asiyekuwepo, kwa mfano namba 999999. Ukipata kosa namba 1452, limekaa. Ukipokelewa vizuri, hujaweka kitu.

Ile njia moja niliyoahidi kuitaja ni tamko la SET foreign_key_checks = 0, ambalo huyazima masharti yote katika muunganisho huo. Faili zinazotolewa na mysqldump, chombo cha MySQL cha kutoa nakala, hubeba tamko hilo mwanzoni, ili majedwali yaweze kurejeshwa kwa mpangilio wowote. Na ukaguzi unapowashwa tena mwishoni, mistari iliyoingia wakati umezimwa haikaguliwi upya. Kwa hiyo ukirejesha jedwali la wakulima peke yake kutoka nakala ya mwezi uliopita, unaweza kupata yatima hata sharti likiwepo. Baada ya kila urejeshaji, endesha ile amri ya kwanza ya kutafuta yatima.

Jambo la mwisho kwako: sharti hili halimtambui mkulima, linatambua tu kwamba namba ipo. Karani akiandika 381 badala ya 318, na 381 akawa mwanachama halali, kanzidata itapokea. Dawa yake ni skrini ya mizani kuonyesha jina la mkulima mara namba inapoandikwa, na hiyo kweli ni kazi ya programu ya kijana wako.

SWALI: Mwalimu, ninaandika programu ya simu kwa ajili ya wasoma mita za maji, na taarifa huhifadhiwa kwanza kwenye simu kwa SQLite kabla ya kutumwa ofisini. Nimeandika FOREIGN KEY kama inavyotakiwa, nikaangalia nikaiona imo katika muundo wa jedwali, lakini usomaji wa mita zisizokuwepo bado unapokelewa. Je, SQLite haina uwezo huu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Uwezo inao tangu toleo la 3.6.19 la mwaka 2009, lakini kwa kawaida huwa umezimwa, ili programu za zamani zilizoandikwa kabla ya hapo zisianze kukataliwa ghafla. Unatakiwa kutoa amri hii kila unapofungua muunganisho mpya, si mara moja tu siku unapotengeneza kanzidata:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Iandike mahali pale pale programu yako inapofungua faili, na isiwe ndani ya muamala ulioanza, kwa kuwa humo haifanyi kazi na wala haitoi kosa. Kwa usomaji ambao tayari umeingia, PRAGMA foreign_key_check itakuorodheshea mistari yote isiyo na mzazi. Ukumbuke pia mpangilio wa kupokea taarifa kutoka ofisini: orodha ya mita ishuke kwenye simu kwanza, usomaji ufuate, la sivyo sharti litakataa usomaji halali kwa sababu tu mita yake bado haijafika.

SWALI: Kwako mwalimu, salamu nyingi. Tunauza dawa kwa jumla hapa Mombasa. Nilitaka kumfuta msambazaji mmoja aliyesajiliwa mara mbili kimakosa, kanzidata ya MySQL ikanikatalia kwa kosa namba 1451. Nilitafuta ushauri nikaambiwa niweke ON DELETE CASCADE, nikaiweka kila mahali ili nisisumbuke tena. Msambazaji akafutika mara moja, na pamoja naye ankara zake zote za miaka miwili. Tulirejesha kutoka nakala ya juzi yake, tukapoteza kazi ya siku mbili. Je, CASCADE ni kosa la waliobuni, au kosa ni langu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nitakueleza kwanza yaliyotokea, kwa sababu naona lile kosa 1451 lilikuwa likikuambia jambo ambalo hukulisikia.

Ulikuwa na msambazaji mmoja mwenye namba mbili. Moja ilikuwa tupu au karibu tupu, na nyingine ilikuwa na ankara za miaka miwili. Kanzidata ilipokukatalia, ilikuwa ikikujibu kwamba namba hii unayotaka kuifuta ndiyo yenye historia. Jibu hilo lilitosha kukufanya usimame na kugeuza uamuzi, yaani kufuta ile nyingine, au kama zote mbili zina ankara, kuzihamisha kwanza ndani ya muamala mmoja na kisha kufuta:

START TRANSACTION;
UPDATE ankara SET namba_msambazaji = 77 WHERE namba_msambazaji = 12;
DELETE FROM wasambazaji WHERE namba = 12;
COMMIT;

Kama kuna jedwali jingine ulilolisahau linalomtaja namba 12, amri ya kufuta itakataliwa tena, na kukataliwa huko ndiko kutakakokukumbusha. Hapo utatoa ROLLBACK, inayotengua yote, badala ya COMMIT, inayoyathibitisha, uliongeze jedwali lililosahauliwa, na kuanza upya.

CASCADE, inayoagiza watoto wafutwe pamoja na mzazi wao, si kosa la waliobuni. Ninapochora jedwali, swali ninalojiuliza ni kama mstari wa mtoto una maana yoyote mzazi asipokuwepo. Mstari wa ankara unaosema vidonge boksi 20 kwa bei fulani hauna maana bila ankara yenyewe. Ni kiungo cha mwili ule ule, na ankara ya rasimu ikifutwa, mistari yake iondoke nayo. Hapo CASCADE ni sahihi. Lakini ankara ina maana hata msambazaji akifunga biashara kesho. Fedha zililipwa, dawa ziliingia ghalani, na mkaguzi ataziuliza. Kati ya ankara na msambazaji panahitajika RESTRICT, ambayo hukataa. Ipo hali ya tatu, ambapo uhusiano unaweza kwisha bila mtoto kupoteza maana: afisa mauzo anayemhudumia mteja akiacha kazi, mteja hubaki, na safu ya afisa inaweza kuwa tupu hadi apangiwe mwingine. Hiyo ni kazi ya SET NULL, kwa sharti kwamba safu yenyewe imeruhusiwa kuwa tupu. SET DEFAULT imo katika kiwango cha SQL, lakini InnoDB haiikubali, hivyo usiisumbukie. Ukikaa kimya bila kuandika lolote, utapata NO ACTION, ambayo katika MySQL hufanya sawasawa na RESTRICT.

Hatari ya CASCADE iko katika mnyororo zaidi kuliko katika hatua moja. Mimi mwenyewe, katika kazi yangu ya kwanza, nilikusudia kufuta kata moja iliyoandikwa jina vibaya. Kata ikaondoka na vijiji vyake, vijiji vikaondoka na kaya zake, na kaya zikaondoka na mahojiano ya wiki tatu, kwa amri ya mstari mmoja ambayo haikuuliza kama nina uhakika. Kila kiungo cha mnyororo ule kilionekana cha busara siku nilipokichora peke yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika CASCADE, hufuata mishale hadi mwisho kwenye karatasi, na kama mnyororo unapita majedwali mawili naikata mahali fulani kwa RESTRICT.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe hasa, muuza dawa. Katika MySQL, ufutaji unaofanywa na CASCADE hauamshi vichochezi vya jedwali la mtoto, yaani amri zilizowekwa zijiendeshe zenyewe mstari unapoguswa. Kama ulikuwa na kichochezi cha kuandika katika daftari la ukaguzi kila ankara inapofutwa, daftari hilo litakuwa tupu kuhusu ankara zilizopotea siku ile. PostgreSQL, mfumo mwingine wa kanzidata, haiko hivyo. Kwake vichochezi huamka. Katika biashara ambayo inaweza kutakiwa kueleza toleo fulani la dawa lilitoka kwa nani na lilikwenda kwa nani, kutegemea daftari lisiloandikwa ni jambo la hatari.

Na kwa kweli, msambazaji aliyewahi kukuuzia kitu hafutwi kabisa. Ongeza safu ya hali katika jedwali la wasambazaji, yenye thamani kama hai na amesitishwa, na programu imfiche aliyesitishwa katika orodha za kuagizia. Amri ya DELETE ibaki kwa yule aliyesajiliwa kimakosa asubuhi na kugunduliwa mchana, ambaye hajapata mtoto hata mmoja. RESTRICT itakuthibitishia kwamba kweli hana.

Msijenge mazoea ya kudhani kila mfumo una maneno haya yote: Oracle haina ON UPDATE CASCADE, na SQL Server hukataa kabisa kuweka CASCADE ikiwa jedwali moja linaweza kufikiwa kwa njia mbili kutoka kwa mzazi mmoja.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Shirika letu hutumia PostgreSQL kuhifadhi kumbukumbu za karo za shule kadhaa. Jedwali la malipo lina takriban mistari 6,000,000. Kila mwisho wa mwaka tunafuta akaunti za majaribio zipatazo 500 katika jedwali la akaunti, na kazi hiyo huchukua saa nyingi ingawa akaunti zenyewe hazina malipo hata moja. Msimamizi wetu amesema funguo za kigeni ndizo zinazochelewesha, na mwezi uliopita aliamuru ziondolewe zote. Kasi imepatikana kweli. Je, alikosea?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sijambo. Msimamizi wako ameuona ugonjwa mahali pake, ila amekata mkono ambapo palihitajika bandeji.

Ufunguo msingi huwa na faharasa daima (orodha iliyopangwa ya kuufikia mstari bila kusoma jedwali zima), kwa hiyo kumtafuta mzazi wakati wa kuingiza malipo ni kazi nyepesi sana. Lakini unapomfuta mzazi, kanzidata hulazimika kutafuta upande wa pili: je, katika jedwali la malipo kuna mstari wowote unaomtaja? InnoDB hutengeneza faharasa ya safu ya mtoto yenyewe ikiwa haipo. PostgreSQL haifanyi hivyo, inakuachia wewe uamue, na wengi hawajui kwamba wameachiwa. Bila faharasa hiyo, kila akaunti moja inayofutwa husababisha jedwali zima la malipo kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaunti 500 mara mistari 6,000,000 ni mistari bilioni 3 ya kusomwa, na hilo lilitosha kuzila saa zenu. Kwamba akaunti hazina malipo hakusaidii, kwa kuwa kanzidata haiwezi kujua hazina mpaka imalize kutafuta. Faharasa inatengenezwa hivi, bila kuzuia watu wanaoendelea kulipa:

CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_akaunti_idx ON malipo (namba_akaunti);

Watumiaji wa Oracle wana sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa sababu huko kumfuta mzazi wakati safu ya mtoto haina faharasa kunaweza kulifunga jedwali zima la mtoto kwa wanaoandika.

Sitakuambia kwamba sharti ni la bure. Kila malipo yanayoingia hulipia utafutaji mmoja mfupi na kufuli moja, na katika upakiaji wa mamilioni ya mistari kwa mkupuo mmoja gharama hiyo huonekana. Wapo wanaoliondoa sharti kwa usiku mmoja wa kupakia na kulirudisha asubuhi, nami siwalaumu mradi walirudishe. Katika ofisi ya karo, ambako malipo huingia moja moja na mzazi wa mwanafunzi akija na risiti hutaka jibu papo hapo, sioni kasi gani inayostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

Kwa kuwa masharti yameshaondolewa kwa mwezi mzima, usiyarudishe kwa pupa, maana kuliweka sharti kwa njia ya kawaida hulazimu mistari yote kukaguliwa huku majedwali yote mawili yakiwa yamezuiwa kuandikwa. PostgreSQL inakuruhusu kugawa kazi hiyo katika hatua mbili:

ALTER TABLE malipo
ADD CONSTRAINT fk_malipo_akaunti
FOREIGN KEY (namba_akaunti) REFERENCES akaunti (namba)
NOT VALID;

ALTER TABLE malipo VALIDATE CONSTRAINT fk_malipo_akaunti;

Amri ya kwanza humalizika upesi, na kuanzia hapo malipo mapya yote hukaguliwa, ingawa ya zamani bado hayajaguswa. Ya pili ndiyo inayopitia mistari milioni sita, kwa kufuli jepesi linaloruhusu kazi kuendelea. Ikikwama kwa kosa namba 23503, itakuwa imekutana na malipo ambayo akaunti yake ilifutwa ndani ya mwezi huo. Yatafute kwa amri ya LEFT JOIN tuliyompa msomaji wa Moshi, yasahihishe kwa kutazama risiti, kisha uirudie amri ya pili. Ile ya kwanza haihitaji kurudiwa.